Usiku wa Ijumaa

Wakili wa akina Kombo ana sauti ya mbuzi ya kukunia nazi.
Karatasi yake imetiwa plastiki, wino umegeuka kahawia,
na chini yake tafsiri ya taipu, imegongwa muhuri wa Tanga.
"Kwanza: shamba la Tongoni, toka mikokoni hadi njia ya Mdachi.
Pili: minazi mia mbili na arobaini, izaayo na isiyozaa.
Tatu: sufuria ya shaba na mfuniko wake.
Tano…"

Mheshimiwa, ameruka.
Nne yupo. Nne ni bibi yetu.

Humo anaitwa Asumini, mjakazi, Mzigua,
kovu la moto mkono wa kushoto, hana ila nyingine.
Jina alilokuja nalo halikuandikwa.
Aliwekwa rehani mwaka wa njaa kwa pishi mbili za mtama,
na aliyemweka hakurudi kumgomboa.

Mwinyikombo alipofariki, mjane akachukua nyumba kwa thumni yake.
Wakabaki wana wawili, mabinti watatu:
mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja,
hesabu ikatimia saba, haina baki.
Nadhani kadhi alifurahi. Mirathi haitoki sawa kila siku.
Minazi ikapakwa chokaa, kila mtu na alama yake.
Sufuria ikauzwa.
Asumini hakugawika, wakamgawa kwa siku:

Jumamosi na Jumapili ni wa Kombo, apalilie;
Jumatatu na Jumanne wa Makame, abebe mawe ya tanuri;
Jumatano wa Mwanakheri, atwange;
Alhamisi wa Mwanajamu, afue, amkande miguu;
Ijumaa wa Mwanaidi, kitinda mimba,
aliyeugua homa mwezi mzima, akaweka nadhiri,
akapona,
akaliacha huru fungu lake.

Basi bibi yetu alikuwa huru Ijumaa.
Sijui huamkaje mtu siku hiyo, wala huamkia kwa nani.
Inasemekana Ijumaa ya kwanza alilala mpaka jua likamchoma uso.
Ya pili alipanda mnazi
kule mpakani, penye maji chumvi, pasipotakwa na mtu.
Ya tatu, mwingine.

Kisha akashika mimba.
Kombo hakukiri, wala Makame.
(Mheshimiwa, tutazame pua, sisi wa benchi hili na wao wa lile.)
Uchungu ulimkamata Alhamisi, mikono imo katika povu la Mwanajamu,
na mtoto akatoka karibu na magharibi.
Karibu. Neno hilo ndilo lililokwenda kwa kadhi.

Mwanajamu alisema: kazaliwa katika zamu yangu, ni wangu.
Mkunga, Bi Sikudhani, akashika msahafu:
jua lilikwisha kuzama,
usiku wa Ijumaa ulikwisha kuingia.
Kadhi akachovya kalamu. Huru.

Mama yake, Jumamosi alfajiri, alirudi kupalilia.

Nyumbani kwetu haijawahi kuwa siri.
Sikudhani alimwambia bintiye, bintiye akamwambia mama yangu,
mama aliniambia akinisuka, tena kwa kunong'ona, kana kwamba kadhi yu hai:
kuku walikuwa bado uani, wakidonoa,
na vivuli vyao virefu.
Alikula yamini ya uongo wa nusu saa,
akafunga siku tatu, akanyamaza.
Sisi thelathini na tisa, tuliojaza benchi hadi barazani nje,
wenye kadi za kura, wenye madeni ya benki, wenye vichanga mgongoni,
tumetoka ndani ya nusu saa hiyo.

Mwenyekiti anavua miwani.
"Mama, una hati gani?"

Sina, mheshimiwa.
Nina minazi sita mpakani, miwili imekatwa vichwa na radi.
Mstari wake haukunyooka: ulipandwa na mtu mmoja
asiye na wa kumshikia kamba.
Nina karatasi hiyo, aliyoileta yeye.

Kimya. Feni inazunguka na waya wake uliolegea.
"Wakili, soma upya. Usiruke."

Anakunywa maji. Anakohoa.
"Kwanza," anasema, "shamba la Tongoni…"

Namsubiri afike.